Seli nazo hupumua? Maswali yenu na majibu

Kupumua na “upumuaji wa seli” si kitu kimoja?

Si kimoja. Hapa lugha inatuponza, maana neno moja limebebeshwa mizigo miwili. Kifua kikipanda na kushuka, hewa inaingia na kutoka, basi. Upumuaji wa seli ni kuvunjwa kwa glukosi (sukari) ndani ya seli ili nishati yake itumike. Kazi huanzia kwenye saitoplazimu (ute unaojaza seli), bila oksijeni, na kila molekuli ya glukosi huzaa ATP 2 tu; ATP ni molekuli inayobeba nishati ambayo seli huitumia. Ikiendelea hadi kwenye mitokondria, vijumba vya nishati ndani ya seli, jumla hufika ATP 30 hivi.

Oksijeni inaunguza sukari?

Wengi hudhani hivyo. Glukosi huvunjwa hatua kwa hatua, na elektroni zake hupokezanwa kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Oksijeni inasubiri mwisho kabisa: inazipokea pamoja na hidrojeni, maji yanapatikana. Asipokuwepo mpokeaji huyo, foleni nzima inakwama. Sumu ya sianidi huua hivyo hivyo: damu imejaa oksijeni, lakini seli haziwezi kuitumia.

Seli nyekundu za damu, zikibeba oksijeni, nazo huonja?

Swali tamu! Hata tone. Kwa mamalia, seli nyekundu ikikomaa huwa imeshatupa kiini chake na mitokondria zake zote. Huishi kwa zile ATP 2 za glukosi, siku 120 hivi kwa binadamu, huku imebeba oksijeni isiyoweza kuitumia. (Za ndege hubaki na kiini.)

Maumivu ya misuli siku ya pili baada ya mazoezi ni asidi ya laktiki?

Hapana. Msuli ukielemewa hutengeneza laktiki kwa wingi, lakini huondoka ndani ya saa moja au mbili. Ya kesho yake ni michubuko midogo kwenye nyuzi za msuli.

Mtu akikonda, mafuta huenda wapi?

Mengi hutoka puani. Ukifuatilia atomu za kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 huondoka kama hewa ya ukaa na 1.6 kama maji. Ila usikae kitini ukihema haraka haraka ili ukonde. Hewa hiyo hutengenezwa na seli kulingana na kazi unayozipa. Kifua kinaitoa nje tu, nawe utaambulia kizunguzungu.