Mhogo mchungu na glutathioni: je, vidonge vya vitamini vinakinga?

SWALI: Shikamoo daktari. Huku Newala mvua zimekatika, kilichobaki shambani ni mhogo mchungu. Tunaumenya, tunaanika makopa, tunasaga na kupika ugali. Nimesikia sumu yake humaliza antioksidanti za mwili. Nikiwapa watoto vitamini C na E kila siku, zitawakinga? Na sumu yenyewe inafanyaje kazi?

JIBU: Marahaba, mama. Usinunue vidonge kwa ajili hiyo. Fedha hiyo nunua dagaa, na unga wako uulowanishe kabla ya kuupika.

Mhogo mchungu una linamarini, kemikali inayobeba sumu yake. Seli za mhogo zikipasuka kwa kutwangwa, kukwanguliwa au kulowekwa, linamarini hukutana na kimeng'enya kiitwacho linamarasi, inavunjika na hatimaye kutoa sayanidi, ambayo ndiyo sumu yenyewe. Sayanidi huchemka kwenye nyuzi joto 26 tu, kwa hiyo iliyokwisha kutoka hupotelea hewani. Inayowadhuru watu ni ile linamarini iliyosalia ndani ya kopa lililokaushwa bila kulowekwa. Kuanika peke yake huacha kati ya robo na theluthi ya sumu, na ukame kama huo wa kwenu huizidisha shambani. Kuchemsha vipande vizima nako hakutoshi, maana moto huua linamarasi mapema na linamarini inabaki.

Ikifika mwilini, sayanidi huziba kimeng'enya cha mwisho katika upumuaji wa seli, ndani ya mitokondria, vijumba vya nishati vya seli. Elektroni zinakwama njiani, nyingine zinavujia kwenye oksijeni, na hapo ndipo zinapozaliwa radikali huru, yaani chembe kali zinazoharibu seli, ambazo antioksidanti huzizima. Vimeng'enya vya kuzizima, kama katalasi na dismutasi ya supaoksidi, vinategemea madini ya chuma au shaba, na sayanidi hushika madini hayo hayo.

Lakini kwa mtu anayekula kidogo kidogo kila siku, jambo ninalolihofia zaidi ni salfa. Ini huiondoa sayanidi kwa kimeng'enya cha rodanesi: kila molekuli ya sayanidi hupewa atomu moja ya salfa, inakuwa thayosayaneti, inatoka na mkojo. Salfa hiyo hutoka kwenye amino asidi mbili za chakula, methionini na sisteini. Na sisteini ndiyo inayojenga glutathioni, antioksidanti kuu ambayo seli zetu hujitengenezea zenyewe. Ni kama mshahara mmoja unaodaiwa na watu wawili. Mtoto anayekula ugali wa mhogo kwa mboga isiyo na protini anaingiza sumu nyingi na salfa kidogo, kwa hiyo glutathioni inakosa malighafi. Watoto wenye konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaoletwa na mhogo mchungu, waliopimwa huko Congo walikutwa na viwango vya juu vya alama za uharibifu wa radikali huru katika damu.

Vitamini C na E hazina salfa hata chembe, wala hazifungi sayanidi. Tena vitamini C kwa dozi kubwa inadhaniwa kupunguza akiba ya sisteini, ndiyo sababu siipendi kabisa hapa.

Sasa unga. Njia hii ya kuulowanisha ilibuniwa na Howard Bradbury, mwanasayansi wa Australia, na ilizuia visa vipya vya konzo katika kijiji cha eneo la Popokabaka, Congo, kuanzia 2010. Weka unga kwenye beseni, usawazishe, tia alama ndani ya beseni pale unga ulipofikia. Mimina maji kidogo kidogo huku unakoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Utandaze juu ya mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini, upikwe siku hiyo hiyo. Linamarasi iliyosalia kwenye unga ndiyo inayomalizia kazi. Kwa mavuno yajayo, loweka mihogo iliyomenywa siku tatu hadi ilainike, ndipo uanike. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 10 za sayanidi kwa kilo ya unga.

Kwa salfa, dagaa na mayai ni bora. Kunde na choroko zina protini nzuri lakini methionini yake ni kidogo. Ufuta unayo kwa wingi, na kwenu unalimwa. Naomba sana msiuuze wote. Kisamvu kitwangwe hadi kilainike kabisa, kisha kichemshwe bila mfuniko.

Mtoto akiamka ghafla miguu yote miwili imekakamaa, anatembea kwa vidole au anashindwa kusimama, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na uwaambie mnakula mhogo mchungu. Hiyo huenda ni konzo, iliyoonekana Tarime mwaka 1985 na baadaye hata mkoani Mtwara. Ulemavu wake hauponi, na chakula kisipobadilishwa anaweza kupata shambulio jingine baya zaidi, na ndugu zake wanaokula chungu kimoja naye wako hatarini vilevile.