Aliyechelewa Ndiye Hupewa Maiki

Simama nyuma ya kundi lolote la wanafunzi wa filamu wa mwaka wa kwanza siku ya kugawana kazi. Ndani ya dakika mbili muongozaji ameshapatikana, kwa kuwa hadithi ni yake, au kwa kuwa ana sauti kubwa. Mpiga picha ni mwenye kamera. Mhariri ni mwenye laptopu isiyokwama. Inabaki sauti, inabaki kadi za kuhifadhia video, inabaki kuandika ratiba na kufuata vibali. Hizo anawekewa mwenzao ambaye bado yuko kwenye daladala. Akifika anakabidhiwa buum, ile maiki ya kwenye fimbo ndefu, kama mtu anayekabidhiwa ndoo ya maji machafu.

Halafu siku ya kuonyesha kazi, darasa kimya, mhadhiri amekunja mikono, picha ya machweo imetulia kabisa, na kinachosikika ni feni. Kila muhula. Wadogo zetu, tunawapenda, lakini ile feni imeshaigiza kwenye filamu nyingi kuliko mwigizaji yeyote wa chuo.

Haya ni kwa ajili ya yule aliyechelewa. Wengine nanyi mkisoma si vibaya.

1. Kwenye ratiba ya siku, saa iandikwe kwa Kiswahili na iwekewe asubuhi, mchana au usiku. Ukiandika "7:00" tu, nusu ya kundi itafika saa moja asubuhi, na nusu nyingine, akiwemo mwigizaji mkuu, itafika saa saba mchana imeshakula. Wote watakuwa sahihi. Na jua halina simile: huku kwetu karibu na ikweta, kufikia saa tano liko utosini na macho ya mwigizaji yamekuwa mashimo mawili. Jioni nako likishazama mna dakika kama 20 za mwanga, basi. Sini za nje zipigwe mapema, za ndani zisubiri mchana.

2. Fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinawaka na kufifia mara 100 kila sekunde bila jicho kuona. Shata ya 1/50 au 1/100 inakwenda sambamba na taa. Ukiiweka 1/60 unapata ile michirizi inayopanda ukutani, na kuifuta kwenye kuhariri ni taabu. Simu nyingi, na baadhi ya kamera, zinatoka dukani zikiwa kwenye fremu 30, kwa hiyo mwenye kamera ya pili akaguliwe kabla ya teki ya kwanza. Kwenye iPhone kuna swichi ya kuonyesha fomati za PAL (ndizo zenye fremu 25) ndani ya mipangilio ya kamera. Bila kuiwasha hutaiona 25. Na kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve hakikisha idadi ya fremu za mradi kabla ya kuingiza video ya kwanza, maana ukishaingiza haibadiliki tena.

3. Hapa tukae kidogo.

Kosa hili tuliotangulia tumelifanya wengi, na aliyelifanya huwa halitaji mbele za watu. Rekoda za vyuoni, mara nyingi ile Zoom H4n iliyopita mikono ya madarasa matano, zina kitufe chekundu cha kurekodi. Ukikibonyeza mara moja, taa inaanza kuwakawaka. Mita za sauti zinacheza. Kwenye hedifoni unamsikia mwigizaji vizuri kuliko anavyosikiwa na mama yake. Dalili zote zinakuambia kazi inaendelea. Haiendelei. Kuwakawaka maana yake rekoda imejiandaa, inangoja ubonyeze mara ya pili. Ukibonyeza tena, taa inatulia na namba za muda kwenye kioo zinaanza kutembea. Usipobonyeza, mwigizaji atalia machozi ya kweli, muongozaji atasema kata, wewe utabonyeza stopu, na hakuna faili.

Sini ya kwanza hivyo. Ya pili hivyo. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu mwenye rekoda amevaa hedifoni na ana uso wa mtu anayesikia, na ni kweli anasikia. Mnamaliza, mnarudisha vifaa stoo, mnasaini. Usiku mnafungua folda mnakuta faili tatu. Moja ni ya jaribio la asubuhi: "moja mbili, moja mbili." Ya pili ina sekunde nne. Ya tatu ina dakika arobaini, ni ile ambayo kitufe kilibonyezwa mara mbili kwa bahati mbaya wakati wa chipsi. Hiyo ya chipsi huwa safi ajabu, na kila mtu anasikika akimsema muongozaji.

Lakini kubonyeza mara moja si aibu kubwa. Aibu ni yanayofuata. Tunanyamaza. Tunajiambia sauti ya kamera itatosha, tutairekebisha kwenye kuhariri. Haitatosha: maiki ya kamera ilikuwa mita tatu kutoka mdomoni, kwenye chumba cha vigae, na ukipandisha maneno unapandisha mwangwi na feni pamoja nayo. Ukisema usiku uleule, kesho mnarudia. Nguo za waigizaji hazijafuliwa, mwenye nyumba bado ana kumbukumbu nzuri nanyi, samani ziko palepale. Ukisema baada ya wiki mbili, mwigizaji ameshanyoa. Tena ananyoa mapema kuliko unavyodhani.

Kwa hiyo, wewe mwenye maiki. Muongozaji akiita "Sauti!", macho yako yaende kwenye namba za muda, si kwenye taa wala kwenye mita. Zikitembea ndipo ujibu "Spidi!" Kamera inaitwa baada yako. Utaratibu huu ni wa zamani, wa enzi za mkanda wa filamu uliokuwa ghali: sauti ilianza kwanza ili mkanda usipotee bure. Ukijibu kwa mazoea, kabla ya kutazama, umeutupa utaratibu wote. Teki ya kwanza ya kila mahali papya, isikilizeni sekunde kumi kabla ya kuendelea. Muongozaji atavuta midomo. Mwache avute.

Hedifoni zichomekwe mwisho wa njia ya sauti. Kama sauti inatoka kwenye maiki isiyo na waya ya kubana kifuani, inaingia kwenye risiva (kipokezi chake), kisha kwenye kamera, sikilizia kwenye kamera. Ukisikilizia kwenye risiva utasikia sauti tamu, kumbe waya wa kamera haukuingia mpaka mwisho na kamera inajirekodia kwa maiki yake ya ndani. Tazama pia plagi yenyewe: maiki ya simu ina pete tatu nyeusi, tundu la kamera linataka pete mbili. Ukichomeka ya pete tatu unaweza kupata kimya, au mnong'ono wa mbali wenye mvumo, halafu lawama zinaiendea betri isiyo na kosa.

Sauti ya otomatiki izimwe. Otomatiki ikikuta kimya inaongeza, na sekunde mbili za mwigizaji kutafakari zinawaletea kunguru wote wa Upanga. Weka kwa mkono, vilele viguse kama desibeli −12 na visifike sifuri hata mwigizaji akipiga kelele. Mwambie apige kelele kwenye majaribio, wengi wanaficha sauti yao ya kweli mpaka kamera iwake. Faili ziwe WAV, kilohezi 48, biti 24. Buum iwe kama nusu mita kutoka mdomoni, kwa juu, ikielekezwa kifuani. Mpiga picha akisema inaingia kwenye fremu, muulize kingo ya fremu iko wapi, ishushe mpaka aione, kisha ipandishe kidogo. Usirudi ukutani.

Maiki ya ndani ya kamera iachwe inarekodi hata kama rekoda ipo. Ndiyo itakayokusaidia kulinganisha sauti na picha, na siku ya msiba ndiyo itakayomsaidia mwigizaji kurudia maneno yake kwa mwendo uleule. Kurudia kwenyewe mfanyie kwenye chumba kidogo chenye magodoro na mablanketi, sentensi moja moja, asikie ya zamani kwenye hedifoni kisha aseme. Inachosha. Dakika mbili za mazungumzo zinaweza kumeza mchana mzima.

Kabla ya kuondoka mahali popote, rekodi dakika moja ya kimya cha chumba bila mtu kusema, watu wote wakiwa ndani kama walivyokuwa, kwa kuwa miili nayo inanyonya sauti. Bila hiyo, kila mhariri anapokata, msikilizaji anasikia shimo.

Feni na friji vizimwe. Mvua kwenye bati haina dawa, pigeni shoti zisizo na maneno. Adhana ina saa zake na zinajulikana. Mtayarishaji aziandike kwenye ratiba, na muda huo pigeni mikono, miguu, sufuria, chochote kisichoongea.

4. Kamera nayo ina ugonjwa wake. Kitufe kimoja kinawasha na kuzima. Ukikigusa bila kukusudia kabla ya "Akshen", basi unapobonyeza kuwasha umezima, na ukisikia "Kata" umewasha. Kadi nzima inajaa viatu, nyasi na mtu akifunga traipodi. Mpiga picha aseme kwa sauti "Inaroli" akiwa ameona nukta nyekundu.

5. Kadi awe nayo mtu mmoja, jina lake liandikwe kwenye ratiba, na asiwe mpiga picha wala muongozaji, kwa sababu hao wawili saa kumi na mbili jioni hawana akili. Fanyeni hesabu: megabiti 100 kwa sekunde ni kama gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya 64 inawapa saa moja na dakika ishirini hivi. Kadi iliyojaa inawekewa kipande cha tepu nyekundu, na kile kiswichi cha pembeni kinafungwa.

Wakati wa kunakili, chukua folda yote ilivyo, na mafaili madogo usiyoyaelewa. Ukichomoa video peke yake unaweza kuacha taarifa zinazounganisha vipande vya shoti ndefu. Diski ifomatiwe kwa exFAT. Ile flashi ya FAT32 haipokei faili lolote la zaidi ya gigabaiti 4, na diski ya NTFS ukiichomeka kwenye Mac itasomeka lakini haitaandikika, jambo ambalo hugundulika saa tano usiku. Nakala mbili, diski mbili, mabegi mawili, watu wawili wanaolala nyumba tofauti. Fungua video ya kwanza, ya katikati na ya mwisho kwenye kila nakala. Hapo ndipo kadi ifutwe, na ifutwe ndani ya kamera, si kwenye kompyuta.

Swali ambalo limeua filamu nyingi za wanafunzi linaulizwa hivi: "Hii umeshatoa?" Jibu lake huwa "Nadhani." Kadi yenye jibu la "nadhani" haifutwi. Nunueni nyingine, azimeni, kaeni bila kupiga picha, lakini haifutwi.

6. Pimeni mwanga wa uso, si wa ukuta. Ile zebra (mistari ya kwenye kioo cha kamera inayoonyesha mwanga umefika wapi) ya asilimia 70 ya kwenye mafunzo ya YouTube imezoeleka kwa ngozi nyeupe. Uso mweusi ukiupandisha mpaka hapo unakuwa wa majivu, na dirisha la nyuma linaungua. Uacheni uso kati ya 40 na 55, msogezeni mwigizaji mbali na ukuta mweupe, na mpeni mwanga wa pembeni ung'arishe shavu. Taa ya usoni moja kwa moja mwachieni mpiga picha wa pasipoti.

7. Kila shoti ianze sekunde tano kabla ya tendo na iishe tano baada yake.

8. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu; kundi la wanafunzi likimaliza kurasa nne kwa siku limefanya kazi.

9. Vibali. Tanzania Bara kupiga filamu kunataka kibali cha Bodi ya Filamu, na sheria yake ni ya 1976, kwa hiyo msiseme ni jambo jipya. Barua ya utambulisho ya chuo inawafungulia ofisi ya serikali ya mtaa, ambako ni vyema mpite. Haiwafungulii bandari, kambi wala kituo cha polisi. Droni ina kibali chake cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Nendeni wiki mbili kabla, na anayekwenda awe na skripti mkononi na shati lililopigwa pasi. Wimbo unaovuma msiuweke bila idhini ya mwenyewe. Kumtaja jina kwenye majina ya mwisho si idhini.

10. Tulisema friji lizimwe. Likishazimwa, aliyelizima aweke ndani yake simu ya muongozaji. Funguo za gari zinafaa pia, kama kundi lina gari. Hamtaondoka nyumbani kwa watu mkiacha samaki wao wanayeyuka.