Clementina de Jesus hakuanza uzeeni

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni mwanamuziki gani aliyeanza uzeeni ambaye vijana wetu wanapaswa kumsikiliza?" Najua wengi watamtaja Bi Kidude, na wana haki. Mimi namtaja Clementina de Jesus wa Brazili, mwimbaji wa samba aliyepanda jukwaani kama msanii mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 63. Ila sikubali kwamba alianza mwaka huo. Alikuwa akiimba tangu utotoni. Waliochelewa ni wasikilizaji.

Alizaliwa mwaka 1901 huko Valença, jimbo la Rio de Janeiro, kwenye ukanda wa mashamba makubwa ya kahawa. Utumwa ulikuwa umefutwa Brazili mwaka 1888 tu, kwa hiyo wazee waliomzunguka waliujua vizuri. Mama yake alikuwa akifua nguo huku anaimba, na mtoto yuko pembeni anazinasa zote: sala, nyimbo za kazi, na jongo, ile ngoma ya watu wa mashamba ya kahawa. Baadaye familia ikahamia Rio, mtaa wa Oswaldo Cruz, ambako ilizaliwa Portela, moja ya "shule" kubwa za samba, yaani vikundi vya mtaa vinavyoandaa ngoma na maandamano ya kanivali. Alipoolewa akahamia Mangueira, ngome nyingine ya samba. Kote huko aliimba, kwenye sikukuu za watakatifu na kwenye nyumba za watu.

Na jikoni. Kwa zaidi ya miaka 20 Clementina alikuwa mfanyakazi wa ndani, wa kufua, kupika na kupiga pasi. Inasimuliwa kwamba mama mwenye nyumba alimuuliza siku moja kama anaimba au analia kama paka. Kila nikiisikia sauti ile, nzito, yenye mikwaruzo, inayotoka kifuani bila kuomba ruhusa, maneno hayo yananiuma. Hazina ilikuwa jikoni kwake, naye akaona kero.

Mwaka 1963 mshairi na mtayarishaji Hermínio Bello de Carvalho alimsikia akiimba kwenye baa ya Taberna da Glória, naye hakumwacha. Mwaka uliofuata akampandisha jukwaani katika onyesho moja na mpiga gitaa la klasiki, Turíbio Santos. Mwaka 1965 likaja onyesho la Rosa de Ouro, ambamo Clementina aliimba pamoja na Aracy Cortes, nyota wa enzi za zamani, na kijana aitwaye Paulinho da Viola. Kumbukeni kwamba wakati huo ilivuma bossa nova, mtindo wa muziki wa Brazili wenye uimbaji laini, karibu na kunong'ona. Katikati ya ulaini huo akasimama mama mtu mzima na kuachia sauti ya shambani. Mwaka 1966 alitoa santuri yake ya kwanza, na mwaka huohuo akaimba Dakar, kwenye tamasha la kwanza la dunia la sanaa za watu weusi.

Lakini kazi inayonifanya niandike barua hii ni ya mwaka 1982, *O Canto dos Escravos*, aliyorekodi pamoja na waimbaji wenzake wa samba, Tia Doca na Geraldo Filme. Humo mna nyimbo ziitwazo vissungo, za watumwa waliochimba almasi na dhahabu karibu na Diamantina, jimbo la Minas Gerais. Msomi Aires da Mata Machado Filho alizikusanya kutoka kwa wazee wa huko, wakati watu waliozijua walikuwa wanapungua. Kulikuwa na za kuamkia asubuhi, na za njiani wakati wa kubeba maiti kwenda kuzika. Maneno yake mengi ni ya lugha za Kibantu zilizovuka bahari na watekwa. Katika rekodi hiyo hakuna gitaa, ni sauti na ngoma tu. Clementina alikuwa amepita miaka 80, na haimbi kama mtu anayesoma karatasi. Anaimba kama mtu wa ukoo ule.

Alifariki Rio Julai 1987. Kijana anayetaka kumjua asianze na vissungo, ni vizito kwa sikio geni. Aanze na santuri ya 1966, kisha *Gente da Antiga* ya 1968, aliyoifanya na wakongwe wa samba Pixinguinha na João da Baiana, ndipo aje kwenye hii ya 1982, na aisikilize yote bila kuruka wimbo.