Ardhi ikitikisika kwa muda mrefu, usisubiri king'ora

Ukiwa pwani au kisiwani, hesabu muda wa tetemeko. Likizidi sekunde 20, au likiwa kali hadi ukashindwa kusimama, basi hilo lenyewe ni onyo la tsunami, yaani mawimbi makubwa ya bahari yanayoletwa na tetemeko. Kinga kichwa mpaka litulie, kisha ondoka papo hapo. Kule Palu, Indonesia, mwaka 2018, mawimbi yalifika baada ya dakika chache tu. Muda huo hautoshi hata kupiga simu kuuliza kama ni kweli.

Tetemeko hafifu nalo lisikulaghai. Mwaka 1896 huko Sanriku, Japani, watu walihisi mtikisiko wa kawaida tu, ila uliodumu. Mawimbi yaliyofuata yaliua watu wapatao 22,000. Dalili nyingine ni bahari kukupwa ghafla, nje ya saa zake, miamba na samaki wakabaki wazi, au mngurumo mzito kutoka baharini. Tafadhali, asiende mtu kuokota hao samaki. Kisiwani Simeulue, Indonesia, wazee walisimulia mawimbi ya 1907 kizazi hadi kizazi. Yalipokuja ya 2004 watu walikimbilia vilimani, na waliokufa walikuwa wachache mno.

Lenga mahali palipo mita 30 juu ya usawa wa bahari, au kilomita 3 kutoka ufukweni. Usipofika, kila mita unayopanda ina faida. Jengo imara la zege na nondo, ghorofa ya tatu kwenda juu, linafaa pale kilima kilipo mbali. Usifuate bonde la mto, maana maji hupanda mtoni kilomita nyingi.

Nenda kwa miguu. Magari hukwama kwenye foleni, hasa darajani, na ndani ya gari huna pa kupanda. Njia ya kukimbilia ifanyieni mazoezi kabla ya hatari, usiku, bila taa za barabarani, kwa mwendo wa yule anayekwenda polepole zaidi nyumbani, huku mtoto akiwa mgongoni. Pimeni dakika. Hapo ndipo mtajua kama geti la njia ya mkato hufungwa usiku. Viatu vikae kando ya kitanda, kwa sababu baada ya tetemeko sakafu hujaa vioo.

Aliye chomboni baharini asirudi bandarini. Aelekee kwenye kina kinachozidi mita 100.

Wengi hupotea kwa kurudi mapema. Tsunami ni msururu: kati ya wimbi na wimbi huweza kupita dakika 10 au hata saa nzima, na la kwanza mara nyingi silo kubwa. Mwaka 1964, Crescent City, Marekani, baadhi ya watu walishuka kusafisha baada ya mawimbi ya mwanzo. La nne likawa kubwa kuliko yote, likaua. Shukeni pale tu mamlaka itakapotangaza kuwa hatari imekwisha. Kwa hiyo maji ya kunywa na dawa kwenye begi vitoshe siku nzima, pamoja na tochi, redio na nguo ya kujifunika usiku.