Kwa nini nyumba za Kolmanskop hazijaoza

Ni ukavu, ndugu, si mbao za ajabu. Ule mji wa almasi wa jangwani Namibia ulihamwa kabisa mwaka 1956, lakini mvua ya maana haupati, na kuvu inayoozesha mbao haimei bila unyevu. Mbao ikikaa chini ya asilimia 20 hivi ya maji, haiozi. Mimi ni seremala hapa Nakuru. Nimebomoa nyumba kuukuu upande wa Molo, sakafu yote ilikuwa unga mtupu kwa mvua na mchwa. Ila mkifika Kolmanskop msiuamini mchanga uliojaa vyumbani, unaficha mashimo ya sakafu. Piteni kandokando ya kuta, ndiko maboriti yameegemea. Na kibali cha kuingia ni lazima.