Aota ya babu imetanukaje bila maumivu?

Pole na babu, dada. Umeuliza imekuwaje aota yake ya tumboni, yaani mshipa mkuu wa damu kutoka moyoni, ifike upana wa sentimita 4, toka 2 hivi za kawaida, bila kuuma. Ukuta wake una nyuzi za elastini zinazovutika na kurudi kama mpira wa manati, na za kolajeni, ngumu zaidi. Seli za uchochezi, yaani za kinga ya mwili, huingia ukutani na kumwaga vimeng'enya vinavyokata elastini. Seli za misuli laini nazo hufa. Ukubwani mwili hautengenezi tena elastini ya maana, ubaya uko hapo! Kolajeni huachiwa mzigo, ukuta hutanuka kimyakimya. Sigara aache leo, hata ile ya barazani. Akishikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo au mgongo, hospitali saa hiyohiyo; msingoje basi la asubuhi kutoka Masasi kwenda Mtwara mjini.