Kabla hujamuandikia mtu wa matangazo wasifu Wikipedia, nisikize kidogo

Nyinyi munaoanza kuhariri Wikipedia saa hizi nawaomba munisikize, manake kila mgeni nnaemuona hapa Lamu huanza na wasifu wa mtu anaemjua kwa sura, na sura zinazojulikana haraka ni za kwenye matangazo ya tivii.

Makala yangu ya kwanza ilikua ya kijana wa mtaani kwetu Langoni. Alitokea kwenye tangazo la simu ameshika sukani ya jahazi anacheka, sekunde chache tu lakini mtaa mzima ulimshangilia. Nikakesha naandika alizaliwa lini, chuo gani alisoma Kurani, wazee wake ni nani, yote nimeyatoa barazani na kwake mwenyewe. Siku mbili hazikwisha ikafutwa. Nlikasirika, na yeye aliumia kunshinda mimi kwa sababu alishawaambia jamaa zake wote waingie wamuone. Lakini nlipotulia nikasoma maelezo ya mkabidhi (msimamizi wa Wikipedia) aliefuta nikaona ana haki, hakuna gazeti wala kitabu kilichowahi kumtaja, sasa msomaji alie Tanga au Bukavu angehakikisha vipi nliyoyasema mimi?

Tangazo peke yake halimpi mtu ukurasa. Kinachompa ni watu wasio jamaa zake wala waajiri wake kukaa chini wakaandika habari zake. Muangalieni Clara Peller, bibi aliekua akitengeneza watu kucha Chicago, mwaka 1984 akiwa na miaka 81 akatokea kwenye tangazo la Wendy's, mikahawa ya baga, akiuliza nyama iko wapi, na mwaka huohuo Walter Mondale akalichukua lile swali akambana nalo Gary Hart kwenye mdahalo wa kutafuta tiketi ya urais Marekani. Magazeti yakaandika. Hapo sasa una cha kuweka kwenye rejea.

Jambo ninalolishikilia zaidi ni watu walio hai. John Gilchrist alikua mtoto mdogo alipoigiza Mikey kwenye tangazo la Life, ile nafaka ya kula na maziwa asubuhi, mwaka 1972, amekaa mezani na kakaze wawili wa kweli. Lilirushwa miaka mingi, na mwishoni mwa miaka ya 70 ukazuka uvumi kua amekufa, eti alikula pipi za Pop Rocks, zile za kulipuka mdomoni, akateremshia na soda tumbo likapasuka. Uongo mtupu, mtu mzima wa afya, akakua akaenda kufanya kazi zake kama watu wengine. Na hapo hakuna intaneti wala WhatsApp, uvumi ulitembea kwa midomo tu! Sasa wewe na simu yako mkononi ukibofya hifadhi umeandika "alifariki" kwa kua umeliona kwenye grupu, watu wa nyumbani kwake wakilisoma itakuaje? Kifo, maradhi, talaka, kesi, usiguse mpaka upate chanzo cha kuaminika, na ukikuta mwenzako ameweka bila chanzo toa hapohapo, kwa mtu alie hai hatungoji.

Mwaka wa kuzaliwa pia usiutoe IMDb, ile tovuti ya habari za filamu na waigizaji, mengi ya mule huletwa na watumiaji wenyewe. Kampuni ikikulipa uandike wasifu wa mtu wake, sema wazi kwenye ukurasa wako wa mtumiaji kua umelipwa.

Na kama unatafsiri kutoka Wikipedia ya Kiingereza, taja kwenye muhtasari wa uhariri (kile kisanduku cha kueleza ulichobadilisha) umetoa makala gani, halafu usiiachie mashine kazi yote. Nimekuta mtu kaandikwa "mwigizaji wa kibiashara" na ile Life imegeuzwa "nafaka ya maisha". Andika mwigizaji wa matangazo, majina ya bidhaa yaache yalivyo, na usome kwa sauti kabla ya kuhifadhi. Ukikwama niandikie kwenye ukurasa wangu wa majadiliano, mara nyingi nakua hewani baada ya isha.